Wits ya Mandela: mlango wazi, bwawa limefungwa



Nimerudia kusoma kurasa za Wits katika Long Walk to Freedom, kitabu cha Mandela kilichotoka mwaka 1994. Sababu ni kwamba kila nikikaa na wasomi wenzetu hapa Joburg nasikia hadithi ileile: eti Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilikuwa kisiwa cha uhuru katikati ya bahari ya makaburu. Wengine wanaongeza chumvi, wanasema hata Mlimani yetu haikuwahi kuonja uhuru wa namna ile. Hapo ndipo ninapogoma.

Tumsikilize mwenyewe. Mandela aliingia Wits mwaka 1943 kusomea sheria, na katika kitivo chake Mwafrika alikuwa yeye peke yake. Anasimulia jinsi alivyokaa darasani na Mzungu wa kiti cha jirani akainuka akahama. Anamtaja pia profesa wake aliyeamini kuwa wanawake na Waafrika hawana nidhamu ya akili ya kuimudu sheria. Chuo kilimpokea darasani, basi. Mabweni, bwawa la kuogelea, michezo na dansi vilikuwa vya Wazungu. Na huo haukuwa ulevi wa mtu mmoja mmoja. Ulikuwa utaratibu wa chuo chenyewe, tena ulianza kabla chama cha National hakijashika serikali mwaka 1948.

Uzuri wa kurasa hizi ni kwamba mzee haoni haya kuandika mambo madogo. Ukitaka kujua chuo kilikuwa huru kiasi gani, achana na hotuba za wakuu wake. Uliza nani alikaa na nani, na nani alioga wapi. Tena angalia urafiki wake ulikokomaa: kwa Ismail Meer, kwenye fleti ya Kholvad House, Market Street, ambako alilala akichelewa treni ya mwisho ya Orlando. Yaani chuo chake cha siasa kilikuwa nje ya geti.

Sasa kasoro. Tunawajua vizuri marafiki: Meer, J. N. Singh, Ruth First, Joe Slovo, George Bizos. Tunawajua na wabaya. Ila ule umati wa katikati, wanafunzi waliokuja kusoma, kucheza raga na kuondoka, unapita kama kivuli. Na jamani, maoni ya chuo ni ya hao! Yule aliyehama kiti alikuwa mmoja. Waliobaki kimya walikuwa darasa zima. Kitabu kinatuachia mashujaa na maadui, nasi wasomaji tunajipanga haraka upande wa mashujaa.

Mfano unaotuhusu sisi wa Pwani ni Eduardo Mondlane. Aliingia Wits mwaka 1949, na mwaka huohuo serikali ikamwondoa nchini. Wanafunzi wenzake walipinga, na tuwape haki yao. Mwaka 1959 chuo kikapinga tena ile sheria iliyoitwa ya kupanua elimu ya vyuo vikuu, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafungia wasio Wazungu mlango. Huo nao ulikuwa ujasiri. Lakini bwawa je? Walikuwapo wachache waliopigania yote mawili. Wengi waliona rahisi kuipinga serikali iliyoko Pretoria kuliko kuupinga utaratibu uliowanufaisha wenyewe nyumbani.

Mondlane huyo baadaye aliongoza FRELIMO kutoka Dar es Salaam, na hapo Dar ndipo bomu lilipomuua, Februari 3, 1969. Novemba mwaka huo wanafunzi wa Mlimani walitoa toleo la kwanza la Cheche. Mwaka mmoja tu, serikali ikalipiga marufuku, baada ya kuchapa maandishi ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Sitetei marufuku hiyo hata kidogo. Lakini angalia tofauti: Wits ilinyamazia mambo ya nyumbani kwake bila kuamriwa na mtu, Mlimani ilinyamazishwa kwa amri kwa sababu iliyasema. Sasa wewe niambie, chuo kipi kilikuwa na maoni huru zaidi?

Naomba tuache kuazima kisiwa cha watu ili kujisuta. Wanafunzi wa Wits walioanzisha mgomo wa ada Oktoba 2015 hawakuishia kuigombeza serikali. Waliuliza pia habari za wafagiaji walioajiriwa kupitia makampuni ya nje. Hao, kwangu mimi, wamemsoma Mandela vizuri kuliko wanaomtumia kusifia chuo kilichomkubali darasani na kumkataza bwawani.

Naomba kuwakilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nitamsoma.