Picha za Nyota na Maneno ya Chini Yake

Dominika moja baada ya Misa kijana mmoja wa hapa Bunia alituonyesha picha katika simu yake. Ni mji mweupe wenye kung'aa, umesimama katikati ya giza, na chini yake imeandikwa kwamba darubini ya Wamarekani imepiga picha mbinguni penyewe. Watu walikuwa wamekwisha kumzunguka, na mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Ilitubidi tuseme kweli, ingawa haikupendeza: habari hiyo ilitungwa mwaka 1994 na Weekly World News, gazeti la Marekani lililojulikana kwa uzushi, na tangu hapo yatembea dunia nzima. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akafungua picha nyingine mbili, nebula nyekundu ya Orion na galaksi ya Andromeda, akauliza: "Na hizi nazo ni uongo?"

Swali lake ni la haki. Mtu aliyedanganywa kwa picha moja hana sababu ya kuiamini ya pili, asipoonyeshwa jinsi ya kuzipambanua. Basi tuzitazame.

Isaac Roberts alikuwa mtu wa Wales aliyepata mali yake kwa kazi ya ujenzi. Nyota zilikuwa mapenzi yake tu. Mwezi wa Desemba 1888, karibu na Liverpool, aliielekeza darubini yake kwa Andromeda, akauacha mwanga uanguke masaa mengi juu ya kioo kilichopakwa dawa. Macho matupu huona mahali pale ukungu mdogo, basi. Kioo kilionyesha mikono iliyojizungusha kama maji yazungukavyo penye shimo la mto. Twaipenda picha hiyo hata leo, ingawa haina rangi hata moja. Lakini Roberts alidhani kwamba ameona jua jipya na sayari zake likianza kuzaliwa. Sivyo. Mwaka 1923 Edwin Hubble aligundua katika Andromeda nyota moja ambayo mwanga wake huzidi na kupungua, na kwa nyota hiyo aliweza kupima umbali: kumbe ni galaksi nyingine, nje kabisa ya hii yetu, na mwanga wake hutumia miaka kama milioni 2.5 kutufikia. Angalieni basi: picha ya Roberts ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Kilichokosea ni maelezo yake.

Sasa tuje kwenye rangi, maana ndizo zinazowatia watu shaka. Nebula ni wingu la gesi na vumbi. Katika mwanga hafifu jicho letu halitambui rangi vizuri, lakini kamera hukusanya mwanga dakika kwa dakika na kuujumlisha. Kwa hiyo wekundu wa Orion si rangi ya kupakwa. Ni mwanga wa hidrojeni. Hata hivyo, wako wapiga picha wengi wanaofuata desturi ya darubini ya Hubble: salfa huifanya nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Desturi hiyo ina faida yake, maana hutenga gesi moja na nyingine. Lakini hidrojeni si ya kijani! Anayeitoa picha ya namna hiyo bila neno lolote, tena akaiita "anga kama ilivyo", huyo twamlaumu, hata picha yake iwe nzuri namna gani.

Mfano bora twauona kwa Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty. Si wanajimu wa kazi. Kwa usiku mwingi walikusanya mwanga wa oksijeni peke yake kando ya Andromeda, wakakuta upinde mkubwa wa gesi ambao hakuna aliyekuwa ameuona, ingawa mahali pale palipigwa picha mara elfu na elfu. Mwaka 2023 picha yao ilishinda mashindano ya Greenwich, Uingereza. Dosari yake ni moja: upinde ule ni hafifu mno, nao wameuonyesha uking'aa karibu na galaksi kana kwamba ni jirani yake, na umbali wake ni jambo la kubishaniwa. Lakini walieleza kazi yao wazi, na wataalamu waliweza kuipima.

Na sisi wa Ituri? Jioni ya Januari, saa mbili za usiku, Andromeda iko kaskazini-magharibi, Orion imepanda mashariki, na chini upande wa kusini liko Wingu Kubwa la Magellan, nalo ni galaksi. Mtu wa Liverpool hawezi kuliona kamwe kutoka kwao. Lakini kitako chenye mota, kinachoifuata nyota, huko kwao hulengwa kwa nyota ya kaskazini. Hapa nyota hiyo yalala upeoni, nyuma ya vilima na miti, hivi mtu hulazimika kulenga kwa kuangalia jinsi nyota nyingine inavyoteleza. Kiangazi nacho kina moshi wa majani yanayochomwa. Tena, tuseme lililo moyoni, baada ya miaka hii ya vita si kila mzazi wa Ituri atamruhusu mwanawe asimame nje gizani na kitu chenye kung'aa mkononi.

Kijana wetu alijaribu uani kwao, simu ameiegemeza juu ya matofali mawili. Orion imetoka, nyota zimevutika kidogo, kwa kuwa dunia huzunguka na matofali hayazifuati. Penye nebula pana doa dogo la waridi. Tumeibandika kwenye ubao wa parokia, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Bunia, uani, simu, sekunde 10. Sikuongeza rangi."