"Malaika" na Sahani Zake za Santuri

Hapa Machakos, mbuzi wa ntheo, yaani ada ya ndoa ya Kikamba, wakiisha kupokewa na wazee wakaridhika, huja zamu ya muziki, na miongoni mwa nyimbo ambazo aghalabu hazikosekani ni "Malaika", ingawa maudhui yake ni masikitiko ya kijana apendaye lakini asiye na mali ya kuolea. Kwamba utungo wa huzuni namna hiyo umekubaliwa katika furaha, tena umevuka bahari mara nyingi bila ya kuchakaa, ni jambo linalostahili kutazamwa katika ufundi wake, wala si katika sifa zake tu.

Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi kwanza mwaka 1960 akiwa na Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 pamoja na Black Shadows katika studio ya Equator Sound ya Nairobi, iliyokuwa chini ya Charles Worrod. Na sahani hii ya pili, yenye sauti safi zaidi, ndiyo iliyoenea. Msingi wake ni korodi tatu ambazo kila mwanafunzi wa gitaa huanza nazo, mwendo wake ni wa kucheza taratibu, na mwimbaji ameachiwa nafasi ya kuvuta irabu mpaka pumzi iishe, kwa kuwa gitaa haliigombanii nafasi hiyo. Msikilizaji wa Ukambani ataitambua tofauti mara moja, kwani katika benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers gitaa ni msemaji wa pili: humjibu mwimbaji, na mwimbaji akinyamaza hushika hatamu, watu wakainuka kucheza. Katika "Malaika" gitaa ni mtumishi, na nadhani siri ya umri wake mrefu imo humo, maana wimbo usioegemea umahiri wa mpigaji mmoja huchukuliwa na yeyote.

Nani aliutunga? Adam Salim wa Tanganyika alidai kuwa ni utungo wake wa mwaka 1945, na wengine nao walidai. Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, aliushikilia kuwa wake. Santuri haiwezi kuwa kadhi wa daawa hiyo, ila yashuhudia kwamba mahadhi tuyajuayo leo yalienea kwa sauti ya Fadhili.

Aliyeubadili hasa ni Miriam Makeba. Alipouimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, iliyopata tuzo ya Grammy, dansi iliondolewa, mwendo ukapunguzwa, na sauti zikaachwa mbele, ala zikinong'ona nyuma yake. Maneno ya mwanamume aposaye yakatoka kinywani mwa mwanamke bila ya kugeuzwa, na hapo huzuni ikaacha kuwa ya mposaji fulani, ikawa ya kila aliyezuiliwa na ufukara. Lafudhi yake si ya pwani, na mwenye sikio kali huenda akakereka. Mimi namsamehe kwa taadhima, kwa jinsi anavyojua kunyamaza baina ya mstari na mstari.

Boney M waliufuata mwaka 1981 kwa mapambo mengi ya studio za Ulaya, na sina la ziada juu yao. Angélique Kidjo wa Benin, katika albamu ya Logozo ya 1991, aliushika upole wa Makeba kwa sauti yenye nguvu zaidi.

Lau kijana wa hapa ajifunzaye gitaa angeniuliza aanzie wapi, ningempa sahani ya 1963 kabla ya zote, aisikilize besi peke yake mpaka aijue, ndipo asogee kwa Makeba.