Rekta akirudi safari, afungue mufuko



Kila mara tunaonaka picha za namna moja. Marekta wetu, pamoja na makatibu wakuu wa vyuo na wakati mwingine watu wa wizara, wamesimama mbele ya jengo zuri ku Ulaya, makoti mazito mwilini. Chini ya picha wanaandika: «misheni ya kujifunza utawala bora wa vyuo vikuu». Siku zinapita, wanarudi. Kisha? Kimya.

Hatusemi safari ni mbaya. Mutu asiyetoka kwao hana cha kulinganisha. Ushirikiano na vyuo vya Ubelgiji umeleta vifaa vya maabara na nafasi za doktora kwa maasistanti wetu, na hiyo hakuna wa kuikataa. Shida yetu ni ingine: katika yale wanayoona kule, nini inafika mpaka kwetu, na nini inaachwa ku uwanja wa ndege?

Tuchukue Leuven, juu kule ni kama kwa wajomba: chuo kile njo kilizaa Lovanium, iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 2017 rekta wa Leuven, Rik Torfs, aliomba muhula wa pili. Wenzake wakapiga kura, sauti ya wanafunzi nayo ikahesabiwa, akashindwa kwa kura chache na Luc Sels. Akaachia kiti, maisha ya chuo yakaendelea. Mugeni anayekwenda Leuven kujifunza utawala, somo la kwanza ni hilo.

Kwetu, rekta wa chuo cha serikali anateuliwa kutoka juu, Kinshasa. Wale anaowaongoza hawawezi kumuongezea muhula wala kumutoa. Njo maana raporo zinapandaka kwenda wizarani, lakini hazishukaki mpaka mu oditware.

Kile kilichofika haraka ni LMD. Ulaya ilianza kazi ile na azimio la Bologna, mwaka 1999. Kwetu vyuo viliamriwa kuingia wote tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Tukapata lisansi ya miaka mitatu, tukapata krediti. Lakini krediti haihesabu tu saa za profesa. Inahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake: maktaba, intaneti, vikundi vidogo. Mahali wanafunzi mamia wanasongamana mu oditware moja, na somo lote iko ndani ya silabus ya kununua, krediti inabaki hesabu ya ku karatasi. Jina lilisafiri, kazi ikabaki kule.

Watatujibu: «Kule wana pesa.» Kwa maabara, ni kweli. Lakini kuna mambo ambayo hayaombi pesa. Tuangalie valve zetu, ule ubao ambao hata jina lake lilitoka kwa Wabelgiji. Pale wanabandika matokeo yetu. Pale wanabandika tarehe ya mwisho ya kulipa minervali, na kuna mahali wanabandika hata majina ya wenye deni. Kwa nini matumizi ya ile minervali yasibandikwe ku ubao ule ule? Ni karatasi mbili na gundi.

Jibu la pili ni la nguvu zaidi: kura za rekta zitaleta ukabila. Tusilidharau. Kila mutu aliyepita mu chuo chetu anajua namna kampeni ndogo tu inaweza kugawanya watu kwa mukoa na kwa lugha. Kwa hiyo hatuombi kura kesho asubuhi. Tunaomba kwanza hesabu zionekane. Lakini tusiambiwe pia kwamba hatujui kuchagua: mu promosheni nyingi CP anachaguliwa kwa kura, na akilala kazini, wenzake wanamubadilisha.

Tena, sehemu ya somo hili iko nyumbani, haiombi viza. Miaka ya 1960 wanafunzi Wakongomani walidai nafasi mu uongozi wa vyuo. Tarehe 4 Juni 1969, mu Kinshasa, askari waliwafyatulia risasi. Mwaka 1971 serikali ikaunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA, chini ya mukono mmoja. UNAZA iligawanywa mwaka 1981, lakini desturi ya kungojea jina la rekta kutoka Kinshasa ilibaki. Mwenye kutafuta chanzo cha shida ya utawala aanzie pale, kisha apande ndege.

Basi tunaomba vitu vitatu. Kabla ya kuondoka, komite ya chuo itangaze ku valve: nani anaenda, nani analipa, na wanaenda kutafuta jibu la swali gani. Mwezi mmoja kisha kurudi, raporo ya kurasa tano ibandikwe pale pale. Mwaka mmoja kisha, watuonyeshe kitu kimoja, kimoja tu, kilichobadilika juu ya safari ile: namna ya deliberasioni, kiti cha mwanafunzi mu baraza, hesabu ya minervali.

Rekta atakayefanya hivyo, sisi wenyewe tutamusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Atakayekataa, alikwenda kutembea. Kutembea si zambi, ila asilipie kutembea kwake na minervali ya mutoto wa mama anayeuza samaki ku soko.