Pongezi kwa Warusha Maputo wa Dagoretti

Wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, Nairobi, wanastahili pongezi kwa kazi ambayo kompyuta haiwezi kuwafanyia. Hujaza puto hidrojeni, wakalifungia kifaa chepesi chenye kihisi cha unyevu, kisha wakaliachia lipande hadi kilomita 30 hivi, likituma vipimo kwa redio mpaka lipasuke. Modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa nayo hukadiria unyevu huohuo, na makadirio yasiyopimwa hubaki dhana tu. Wapo wanaosema setilaiti zinatosha. Zinasaidia, tena sana, lakini huisoma hewa kwa matabaka manene, na mawingu huziba miale ya infraredi; puto hupita ndani ya wingu lenyewe. Hoja nzito zaidi ni kwamba kihisi nacho hukosea: jua la mchana hukipasha joto, kikaiona hewa kavu kuliko ilivyo. Ni kweli, ila kosa hilo linajulikana na husahihishwa. Mlinganisho wa haki kati ya modeli na puto hutumia utabiri uliotolewa kabla vipimo vya puto havijaingizwa kwenye modeli. La sivyo, modeli inajisahihishia mtihani wake yenyewe. Serikali zetu zisiyapunguzie maputo haya bajeti.