Ifakara Si Mbali: Kwa Nini Risasi Inakukuta Nyuma ya Ukuta

Jua limeshazama nyuma ya milima ya Udzungwa. Kwenye kibanda cha kuchajia simu pale Kibaoni, Ifakara, vijana wanne wamebanana juu ya benchi moja, kila mmoja na simu yake. Mmoja anakatiza uwanja mbiombio, anaingia nyuma ya ukuta wa ghala, anashusha pumzi. Hapo hapo kioo kinageuka chekundu. Amekufa.

"Nilishajificha mimi!" anapiga kelele, akigeuza simu ili wenzake washuhudie.

Mwenzake hata uso hanyanyui. "Neti ya huku bwana. Sisi tuko porini, wenzetu wako mjini."

Kauli hiyo husemwa Ifakara, Mang'ula hadi Mlimba kama kitu kilichokwisha amuliwa, nami nataka kuipinga kwa hesabu. Kijana alisema kweli, alikuwa ameshajificha. Aliyempiga naye hakuiba, maana kwenye kioo chake adui alikuwa bado yuko wazi. Mchezo umetengenezwa kuamua ugomvi wa namna hiyo, na njia unayotumia inafaa kueleweka. Ila pori halihusiki.

Mchezo uliopunguzwa kwa akili

Tuanze na sifa, maana zipo na ni kubwa. Free Fire, mchezo wa simu wa kurushiana risasi kama ule wa vijana wale, ulitengenezwa na studio ya Vietnam iitwayo 111dots, ukatolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore. Mwaka 2019 ulipakuliwa zaidi kuliko michezo yote ya simu duniani, na mwaka 2021 ulifikisha wachezaji zaidi ya milioni 150 kwa siku moja. Mshindani wake, PUBG Mobile, alitoka Machi 2018 na wachezaji 100 kwenye ramani ya kilomita 8 kwa 8, mechi ikikaribia nusu saa. Free Fire walikuwa wameshapunguza kabla yake: wachezaji 50, mechi ya dakika 10 hivi.

Punguzo hilo lina hesabu ndani yake. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, inapaswa kujua nani anamwona nani. Wachezaji 100, kila mmoja akiwa na wenzake 99, ni mahusiano 9,900 ya kufuatilia. Wakiwa 50 ni 2,450. Watu wamepungua nusu, kazi imeshuka hadi robo. Tena seva za michezo ya aina hii hazina haja ya kukutumia habari za mtu aliye ng'ambo ya ramani usiyeweza kumwona. Zinatosha za walio jirani. Ndiyo maana kucheza kwenyewe hakuli bando kama kutazama video.

Kwenye picha nako walibana: nyumba zenye kona chache, majani yasiyo na kivuli, vya mbali havichorwi kwa undani. Kidole gumba hufunika sehemu ya kioo na hakina usahihi wa kipanya cha kompyuta, kwa hiyo mchezo husaidia kuvuta shabaha kidogo kuelekea kwa adui. Kila uamuzi hapo umemfikiria mtu mwenye simu ya bei nafuu, na mimi nauheshimu sana uhandisi wa namna hiyo. Hata zile dakika 10 zina maana yake huku kwenye bonde la Kilombero. Umeme ukisumbua, chaji ikifika asilimia 8, mama akiita ukachote maji, mechi ya dakika 10 unaweza kuimaliza.

Seva ndiyo hakimu

Simu yako haiamui nani kafa. Inapeleka vitendo tu: nimesogea, nimelenga, nimefyatua. Seva huvipokea kutoka kwa kila mchezaji, huvipanga, kisha hurudisha matokeo. Muda wa kwenda na kurudi huitwa pingi, na hupimwa kwa milisekunde, sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Simu ingekuwa inasubiri jibu la seva ndipo ikusogeze, ungebonyeza kwenda mbele ukabaki umesimama kama kisiki. John Carmack alikabiliana na tatizo hilo mwaka 1996 alipotengeneza QuakeWorld. Dawa yake ilikuwa kuiachia mashine ya mchezaji imsogeze papo hapo kwa kukisia, kisha seva iirekebishe ikikosea. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza hadharani dawa ya upande wa risasi. Mtu akifyatua, seva inarudisha saa nyuma, inatazama mfyatuaji alikuwa anaona nini wakati ule, na inahukumu kwa picha hiyo. Kama alilenga mwili, amepata. Michezo mingi ya kurushiana risasi hadi leo imejengwa juu ya dawa hizo mbili.

Sasa rudi kwa kijana wa Kibaoni. Chukulia habari za mwili wake huchukua milisekunde 200 mpaka zionekane kwenye kioo cha adui, na kwamba mtu akikimbia mchezoni anakwenda mita 6 kwa sekunde. Zidisha: mita 1.2. Yeye anajiona yuko ndani ya ukuta, lakini kwa adui bado yuko nje kwa mita moja na ushee, kichwa na bega vikiwa wazi. Adui anafyatua. Seva inarudisha saa, inaona kichwa, inakubali. Hukumu inamfikia kijana akiwa ameshashusha pumzi.

Wabunifu walilazimika kuchagua nani aonewe: mpigaji aliyelenga sawasawa akanyimwa, au mkimbiaji aliyejificha akauawa. Walimchagua mkimbiaji, na naona walichagua vyema, maana mchezo wa shabaha usiohesabu shabaha hauna ladha. Lakini uonevu huo hukua kadiri ucheleweshaji unavyokua, na anayeonewa zaidi ni aliye mbali na seva.

Mbali na nini?

Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Tuipe faiba kilomita 500 kwa ajili ya mizunguko yake. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,000, sawa na milisekunde 5. Kufumba na kufumbua jicho kunazidi milisekunde 100. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo, tukipima umbali peke yake, amemzidi wa Ifakara kwa milisekunde 5, ambazo hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuzihisi.

Safari yenyewe inaanzia Dar es Salaam. Fungua PUBG Mobile utazame orodha ya kanda za seva: Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Amerika Kaskazini, Amerika Kusini, Korea na Japani. Afrika haimo. Ukichagua Mashariki ya Kati, Dar es Salaam hadi Dubai ni kilomita 4,000 hivi kwa mstari wa ndege, yaani milisekunde 40 kwenda na kurudi. Ukichagua Ulaya, hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, milisekunde 70. Hizo ni za chini kabisa. Kebo za baharini hazinyooki kama ndege, na njiani kuna mitambo ya kupokezana.

Tumeshatoka mbali kuliko hapo. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya kebo hizo tulitegemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda, kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka tena ni karibu milisekunde 480 za mwendo mtupu wa mawimbi. Mchezo wa risasi usingechezeka, uwe Ifakara au Oysterbay. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo hizo mbili zilipokatika upande wa kusini, intaneti ilidorora karibu nchi nzima. Siku ile mjini na porini tulikuwa mahali pamoja.

Foleni ya kivuko

Kipo kitu kingine kinachomuumiza mchezaji wa bondeni, na chenyewe hakihusiani na kilomita. Wakazi wa hapa wanakukumbuka kuvuka mto Kilombero kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa Mei 2018. Gari lingekimbia vizuri kutoka Ifakara, lakini ukifika mtoni hujui: leo unavuka mara moja, kesho kivuko kiko ng'ambo na foleni imefika kwenye miti. Anayekwenda Mahenge hakuweza kupanga saa ya kufika. Daraja halikuyaongezea magari mwendo. Liliondoa kutojua.

Mnara wa simu saa mbili usiku ni kile kivuko. Una masafa yake yenye kikomo, na kila mtu mtaani amerudi nyumbani: huyu anaangalia tamthilia, yule anapiga simu ya picha, wewe uko kwenye duara la mwisho la mechi. Paketi yako moja, yaani kifurushi kidogo cha data, inavuka kwa milisekunde 80, inayofuata inakaa foleni na kufika baada ya 240. Kuchelewa kulikotulia simu inaweza kukuzoea. Huwa inaweka akiba ndogo ya picha zilizopita ili adui aonekane akitembea bila kukatika. Paketi isipofika kwa wakati, akiba inaisha, simu inaanza kukisia adui yuko wapi, kisha habari sahihi ikifika inamhamisha ghafla. Ndipo unamwona mtu anaruka kutoka mlangoni hadi dirishani.

Kwa hiyo usitazame pingi kama namba moja. Pingi ya 180 iliyotulia inachezeka kuliko ya 90 inayorukia 300 kila baada ya sekunde chache. Tazama inavyoyumba kwa dakika nzima kabla hujaingia mechini.

Joto, sasisho na bunduki za kununua

Mji wetu wa Ifakara uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na joto lake tunalijua. Simu ikipata moto, chipu hujipunguzia kasi ili isiungue. Picha 30 kwa sekunde, moja kila milisekunde 33, zinashuka hadi 20, moja kila milisekunde 50. Umeongeza ucheleweshaji ndani ya kiganja chako kabla neti haijahusika. Kucheza simu ikiwa kwenye chaji ni kuongeza kuni kwenye moto huo.

Sasisho ni kero ya haki. Mechi inakula bando kidogo, lakini toleo jipya la mchezo mkubwa linaweza kuzidi GB 1, na usipolishusha huingii. Waliobana kila kitu kwa ajili ya simu ndogo wangeweza kubana na hapa, wakatuma vilivyobadilika tu.

Na kuna bunduki za Free Fire ambazo pambo lake likinunuliwa kwa almasi, yaani sarafu ya mchezo, huja na nyongeza ya nguvu au kasi. Nyongeza ni ndogo, lakini katika mchezo wa shabaha hata ndogo ni dhuluma kwa asiye na pesa. Pambo libaki pambo.

Ucheze vipi ukiwa bondeni

Kwanza, usivizie sana. Kwa kuwa seva humwamini anayeona, mtu anayejitokeza kwenye kona humwona aliyetulia kabla hajaonekana yeye. Mwenye pingi kubwa akikaa anasubiri, anampa adui zawadi hiyo. Jitokeze wewe, piga, rudi.

Pili, ukijificha, pitiliza. Usisimame pale ukuta unapoanzia. Ingia hatua mbili zaidi, maana ile mita moja na ushee ndiyo inayoua. Ukuta wa barafu wa Free Fire, ule unaouweka mwenyewe kujikinga, nao unahitaji idhini ya seva, kwa hiyo uweke kabla hujaanza kupigwa.

Tatu, mechi za kupanda daraja zicheze alfajiri au mchana, mnara ukiwa na watu wachache. Simu ivuliwe kava, itolewe kwenye chaji, programu nyingine zifungwe.

Yote hayo ni ujanja wa kuishi na tatizo. Dawa ni seva kusogea. Si jambo la ndoto: Microsoft walifungua vituo vya data Afrika Kusini Machi 2019, Amazon wakafungua Cape Town Aprili 2020. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti tangu 2004, na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umeshatandazwa mikoani. Seva ya mechi ikiwekwa Dar es Salaam, zile milisekunde 40 au 70 za baharini zinafutika, na kijana wa Kibaoni anabaki na milisekunde 5 za faiba pamoja na foleni ya mnara wake, ambayo nayo hupungua minara ikiongezwa.

Na umeme wa kuiwasha? Mtambo wa umeme wa maji wa Kidatu una uwezo wa megawati 204, wa Kihansi 180, na maji ya mto Kilombero yanateremka hadi Rufiji kuzungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Seva hiyo ingekuwa inaendeshwa, kwa sehemu, na maji yanayopita hapa hapa, kwenye mashamba yetu ya mpunga. Atakayesema tena kwamba sisi tuko mbali, mwoneshe mto.