Kumsoma Mwana Kupona Usiku wa Homa

Saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, mwanangu mwenye mwaka mmoja na miezi saba alikuwa ameshatapika mara nne. Paka wetu, Pili, alikuwa chini ya meza, pua imeziba kwa mafua, anapumua kwa mdomo. Bandani nje walikuwa wamebaki kuku wawili kati ya watano. Watatu waliondoka na mdondo ndani ya wiki moja, shingo zimepinda, na kosa lilikuwa langu: chanjo yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na mwezi wa tatu ulipotimia mimi nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili mchana na kuandika tasnifu usiku. Mume wangu yuko kazini Dodoma. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa amekwenda kwao Handeni. Nami, hapa Changanyikeni, nilikuwa na kopi ya Utendi wa Mwana Kupona mapajani, kwa sababu asubuhi ilinipasa kuwasilisha sura yangu ya pili kwenye semina.

Muuguzi alikuwa ameniagiza niandike kila mtoto anachokunywa na kila anachotoa. Sikuwa na karatasi nyingine karibu, basi nikawa naandika pembezoni mwa beti. Saa mbili na robo, vijiko vitatu vya ORS. Saa mbili na nusu, katapika. Saa tatu, kaharisha, maji matupu. Saa tatu na dakika kumi, vijiko viwili. Katikati ya kuandika huko ndipo nikauona ubeti ambao nadhani nilikuwa nimeupita mara thelathini bila kuuona.

Ni pale Mwana Kupona anapomwelekeza bintiye jinsi ya kumtunza mume. Anamwambia amlee kama mtoto mdogo ambaye bado hajaweza kuzungumza, na awe macho na vinavyoingia na vinavyotoka. Sehemu hiyo ya mwisho kwa kawaida husomwa kuwa hesabu za nyumba, yaani mapato na matumizi. Usiku ule sikuweza kuisoma hivyo. Pembeni ya ubeti nilikuwa na orodha yangu mwenyewe ya vilivyoingia na vilivyotoka, na haikuwa ya fedha.

Wengi wetu tulikutana na utendi huu shuleni ukiwa umekwisha kukaushwa. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, kwenye visiwa vya Lamu, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Una beti 102. Alice Werner na William Hichens walipouchapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa kichwa kinachotaja wajibu wa mke, na tangu hapo mjadala umekaa hapohapo. Wapo wanaouona kuwa mwongozo wa utiifu, na wapo wanaosikia ndani yake kejeli ya mwanamke anayejua kwamba mume hutawaliwa kwa kubembelezwa. Sura yangu ya pili ilikuwa inachagua upande. Nilikuwa upande wa kejeli, na nilikuwa na kurasa ishirini na tatu za kuthibitisha.

Lakini yaangalie yale anayoyafundisha. Mume akilala, usipaze sauti karibu naye. Mpepee, mpapase. Akiamka, asisubiri chakula. Mwogeshe, msinge, mfukize. Mimi nilikuwa nimefanya karibu yote hayo tangu jioni, isipokuwa kufukiza, na sikuwa nimemfanyia mume. Kazi ambazo utendi unazitandaza beti baada ya beti zinatoka kwenye kulea mtoto mchanga, zikahamishiwa kwa mtu mzima mwenye ndevu.

Hapa ndipo hoja yangu ya kejeli ilipoanza kunichosha, kwa sababu kuna jambo rahisi zaidi la kulisema. Tashbihi huegemea kinachojulikana ili kueleza kisichojulikana. Mama anapomwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyeweza kusema, anachukulia kwamba namna ya kumtunza mtoto huyo binti anaijua tayari. Haihitaji ubeti. Ni maarifa yaliyozagaa nyumbani kama moshi wa jikoni, kila mwanamke anayavuta bila kufundishwa. Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote ndani ya nyumba ile ndiyo ambayo utendi haukuifundisha, ukaitumia tu kama kipimo cha nyingine.

Je, ni kweli kila mwanamke anaijua? Nitasimulia kilichotokea saa tisa.

Homa ya mtoto ilipanda. Nikavuta dawa ya maji ya parasetamoli kwa bomba lisilo na sindano, nikampa kipimo alichoandikiwa. Paka akalia kule chini ya meza, sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama yangu alikuwa kwenye simu tangu saa sita, amekataa kukata.

"Mwanangu, na huyo mgawie tone moja," akasema. "Homa ni homa."

"Kweli, Mama?"

"Mpe. Tone tu. Ataumia nini?"

Nilikuwa nimeshapiga magoti. Bomba liko mkononi, taya la Pili liko kwenye vidole vyangu. Sijui kwa nini niliacha. Labda ni kwa sababu alinikwaruza. Nikamwomba Mama asubiri, nikampigia daktari wa mifugo aliyewahi kumchanja Pili kichaa cha mbwa, nikijua kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayepokea simu saa ile. Akapokea.

"Usithubutu, dada," akasema. "Hiyo ni sumu kwa paka. Utamuua."

Akaniambia nimfute pua kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, nimweke karibu na mvuke, nimletee kesho. Baadaye nilisoma sababu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini letu linavyofanya, na damu yake hupoteza nguvu ya kubeba hewa. Dawa iliyomshusha homa mwanangu ndani ya nusu saa ingeweza kumuua paka wetu.

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu naona linagusa kitu ambacho fasihi yetu ya wasia haikigusi. Wasia hudhani kwamba utunzaji ni tabia: ukiwa na subira, upole na adabu, basi unaweza kuhamisha utunzaji huo kutoka kwa mtoto kwenda kwa mume, kwa mgeni, kwa jirani. Mama yangu alinipa wasia wa namna hiyo saa tisa usiku, na hakukosa upole hata kidogo. Tulichokosa wote wawili ni kukijua kiumbe kilichokuwa mbele yangu. Utunzaji haukuhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, hata kwa umbali wa mita mbili.

Sisemi kwamba Mwana Kupona hakulijua hili. Nadhani alilijua vizuri kuliko tunavyomruhusu. Mwanzoni kabisa mwa utendi anamwita binti asogee, aje na karatasi na wino, kisha anasema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Tunalipita hilo kama utangulizi. Lakini ni mwaka mzima kitandani. Kuna mtu aliyempepea yeye, akambadilishia shuka na kuhesabu alichokula. Utendi unaonena sana juu ya kutunza ulitungwa na mtu aliyekuwa anatunzwa, na aliyemtunza hana ubeti.

Tunaweza kukisia. Katika utendi uleule binti anaonywa asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Nyumba ile ilikuwa na watumwa. Kuna mikono mingine iliyochota maji ya kuogea, na bila mikono hiyo, sina hakika kama wino ungefika kwenye karatasi. Katika kurasa zangu ishirini na tatu nilikuwa nimeandika mara nyingi maneno "sauti ya mwanamke", na sikuwa nimeuliza hata mara moja ni mwanamke yupi.

Fasihi iliyofuata haikunisaidia sana. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyefiwa na mkewe, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili. Baba mfanyakazi, mjane, mwenye watoto: ningetoa chochote nisome usiku mmoja wa nyumba hiyo, nani aliamka, nani alipika uji. Tunapata mawaidha, mazuri, ya kudumu. Katika Kichwamaji ya Kezilahabi, mtoto wa Kazimoto kuzaliwa na kichwa kikubwa ni hatua moja ya kumfikisha baba mwisho wake. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando wanawake wa Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu kila mmoja anavutwa na ya nyumbani kwake, na huyu ndiye aliyenikaribia zaidi. Ila hata hapo, ya nyumbani ni sababu ya nguzo kutosimama. Hayaangaliwi yenyewe. Katika mengi niliyosoma, mtoto anayeugua huugua ili jambo fulani litokee. Anakufa, au anamfundisha mtu. Mtoto anayeharisha siku tatu kisha akapona hana hadithi.

Sheria nayo inaandika hivyohivyo. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Nilikisoma mara mbili. Kuugua na kufariki vimewekwa kwenye sentensi moja na idadi ileile ya siku, kama kwamba mtunga sheria naye amelelewa na riwaya zetu. Shuleni kwetu hata hizo sikuzipata. Niliambiwa kwamba ruhusa ya ugonjwa ni ya mgonjwa, mwalimu, si ya mama wa mgonjwa. Nikachukia, nikapanga kuandika makala hii kuhusu shule hiyo.

Ila kuna jambo nililiruka pale mwanzo. Niliandika kwamba dada anayetusaidia alikuwa amekwenda kwao Handeni. Sikusema kwa nini. Ana mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na bibi yake, na Jumatatu alipigiwa simu kwamba mtoto ana homa na hali chakula. Alikuja sebuleni, akasimama mlangoni, akaomba ruhusa. Nilitazama kalenda ukutani, nikahesabu hadi siku ya semina, nikamwambia, "Nenda, lakini Jumatano jioni uwe umerudi." Siku mbili. Yeye pia ni mfanyakazi, na sheria ni hiyohiyo. Jumatano jioni hakurudi, na mimi, kati ya kutapika kwa pili na kwa tatu, nilimkasirikia kwa maneno ambayo nashukuru hakuna aliyeyasikia isipokuwa paka.

Hiki ndicho usomaji wangu wa kejeli ulikuwa unakificha. Ni rahisi kumsoma mtunzi wa mwaka 1858 na kumwona mwanamke mjanja aliyezungukwa na wanaume. Ni vigumu zaidi kumwona akiwa na mikono ya watu wengine nyuma yake, kwa sababu hapo msomaji wa Changanyikeni anaanza kujitambua. Siuchukii utendi kwa ajili hiyo. Nimeupenda zaidi, ila sina tena haraka ya kuusifu.

Alfajiri mtoto alikunywa kikombe kizima bila kutapika. Akalala, akaamka, akaonyesha chini ya meza na kusema "Pii," ambalo ndilo jina la paka kwa kinywa chake. Pili hakumjibu lakini aligeuza sikio. Nikaandika: saa kumi na mbili kasoro robo, kikombe kizima. Wiki iliyofuata, baada ya dawa na mvuke mwingi, paka alianza kula dagaa. Kuku wale wawili nao wapo hadi leo, sijui kwa nini. Nimeweka kengele ya chanjo kwenye simu.

Semina niliikosa. Msimamizi wangu alinipa wiki mbili, akaniuliza sura imefikia wapi. Nilimwambia naiandika upya, kwamba sitaki tena kuuliza kama Mwana Kupona alitii au alikejeli, nataka kuuliza nani alimpepea. Akasema swali hilo halina vyanzo. Nadhani yuko sahihi. Nimelianza hata hivyo, kwa kwenda beti kwa beti na kuandika ni kazi gani inatajwa, na ni ya mikono ya nani.

Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla ya kumpeleka paka kwa daktari, nilimpigia dada. Alipokea haraka, sauti ya mtu anayejiandaa kujitetea.

"Shikamoo, dada. Nisamehe, jana gari..."

"Marahaba. Ameamkaje mtoto?"

Akanyamaza kidogo. Nadhani hakulitegemea swali hilo.

"Hajambo kidogo. Usiku kanywa uji."

"Kiasi gani?"

"Nusu kikombe," akasema. "Halafu saa kumi, nusu tena."

Nikamwambia akae mpaka amalize siku zake nne, na kama mtoto hajapona, akae zaidi. Ile kopi ilikuwa bado mezani. Chini ya orodha ya mwanangu, pembeni mwa ubeti uleule, nikaandika ya mwanawe: nusu kikombe, saa kumi nusu tena.