Kilwa ya Ndani ya Simu: Kuta Tumeziona, Watu Wako Wapi?

Bandugu, Kilwa ninayoisema leo si ile yetu ya ziwa Moero. Ni Kilwa Kisiwani, Tanzania, mji wa magofu ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2020 CyArk, Google na ICOMOS walitoa Heritage on the Edge, kazi juu ya sehemu tano zinazotishwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Kilwa imo, maana bahari inakula ufuko wake. Niliiangalia hapa Likasi mpaka mega zikaisha.

Niseme ukweli: ni kazi nzuri. Kuta za kale unazizungusha kwa kidole, unaona hata ufa wa jiwe. Lakini nilibaki na swali, na jibu nililipata kwa mikono yangu.

Nyumba ya nkambo wangu, huku Panda, imeuzwa. Mwezi ujao itabomolewa. Nikachukua simu, nikapiga picha 60 nikiizunguka, nikazitia ndani ya programu. Kazi yake si uchawi. Inatafuta alama moja, tuseme kovu la tofali, katika picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa tofauti zake inahesabu kamera ilisimama wapi kila mara, na lile kovu liko wapi. Alama elfu nyingi zinakuwa wingu la nukta, kisha nukta zinaungwa kuwa uso.

Matokeo? Matofali ya mlango yalitoka safi kabisa. Ukuta wa chokaa hauna alama, basi programu ilibuni: sehemu nyingine tundu, sehemu nyingine kibonde ambacho hakiko. Bati lililong'aa liliharibika. Na nkambo, aliyekuwa kwenye kiti kisha akainuka kwenda kusonga bukari, alibaki bega tu. Anayetembea anafutika, njo kanuni ya hesabu yenyewe.

Hapo ndipo ninapoilaumu kazi ya Kilwa, na zote za aina yake. Kwanza, hazituonyeshi wapi mashine iliona na wapi ilikisia. Rangi moja tu ingetosha kutenganisha. Pili, kando ya kuta kuna habari za wenyeji, sawa, lakini ndani ya umbo lenyewe mji ni mtupu, kana kwamba watu walihama. Kumbe kisiwani watu wanaishi mpaka leo.

Sisi wa Likasi, tulioitwa Jadotville mpaka 1966, tuna nyumba nyingi zinazoondoka bila mtu kuzipiga hata picha moja. Tuanze, simu tunazo. Weka fimbo ya mita moja ukutani, maana bila kipimo programu haijui kama ni nyumba au kiberiti. Halafu ukimaliza kuta, rekodi sauti.

Mi nilirudi jioni. Nkambo aliniambia nani alizaliwa katika chumba gani. Ile haikutoka katika picha hata moja kati ya zile 60.